Miezi Minane ya Chuma Kilichovuja: Nilivyotengeneza Kichocheo cha Sumaku kwa Maganda ya Kamba

Siku niliyoamini kwamba utafiti wangu wa uzamili umekwisha, nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la maabara nimegandamiza sumaku ubavuni mwa chupa, nikitazama unga mweusi ukijikokota ndani ya ethanoli ya moto hadi ukajibandika wote kwenye kioo. Dakika mbili baadaye kioevu kilikuwa kimetakata, nikakimimina pembeni, na unga ukabaki nyuma ukiwa tayari kutumika tena. Sumaku yenyewe nilikuwa nimeitoa kwenye diski kuu ya kompyuta mbovu niliyoinunua Kariakoo. Nilikuwa nimerudia zoezi hilo mara tano, kila mara nikipata mavuno, yaani zao lililopatikana likilinganishwa na lililopaswa kupatikana, ya zaidi ya asilimia 85, na nusu ya sura ya matokeo ilikuwa imeshaandikwa. Hakuna mtahini aliyewahi kuisoma sura hiyo, kwa sababu niliifuta mwenyewe. Ninayaandika haya kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza kazi ya aina hii sasa, hasa yule ambaye maabara yake haina mashine kubwa na ambaye kila chupa ya kemikali inayomwagika ni mwezi mmoja wa kusubiri nyingine.

Kwanza nieleze nilichokuwa nakitafuta. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuliwa. Kikiwa unga laini sana hufanya kazi vizuri, lakini kukitoa ndani ya mchanganyiko ni adha, kwani huziba karatasi ya kuchujia na kingine hupita. Ndiyo maana watu huweka chembe za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma Fe₃O₄, ndani ya unga huo ili uvutwe kwa sumaku. Mimi nilitaka kuzifunika chembe hizo kwa kitosani, polima inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo ina vikundi vya amino, sehemu zenye naitrojeni zinazoweza kushiriki katika mimenyuko. Mali ghafi hiyo hapa pwani hutupwa kila asubuhi.

Msombo niliokusudia kuutengeneza ni monastroli. Mwaka 1891 mkemia wa Kiitalia Pietro Biginelli alionyesha kwamba aldehaidi, ethili asetoasetati na urea zikichemshwa pamoja huungana kuwa molekuli moja yenye pete ya atomu sita. Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani wakatangaza kwamba monastroli, inayopatikana kwa njia hiyohiyo lakini kwa thiourea badala ya urea, huzuia protini iitwayo Eg5, ambayo kazi yake ni kuzitenganisha ncha mbili za mitambo ya kugawanyia seli. Ikizuiwa, seli hukwama katikati ya kugawanyika. Jambo hilo lilileta matumaini kwa sababu dawa ya saratani kama vinkristini, inayotoka kwenye lile ua la Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda uani, huvuruga nyuzi ambazo mishipa ya fahamu nayo huzitegemea, na wagonjwa huishia kufa ganzi mikono na miguu. Monastroli yenyewe haikuwa dawa, ilikuwa dhaifu mno, lakini kwa mwanafunzi ni shabaha nzuri: viambato vitatu, chungu kimoja, na zao linalojulikana sifa zake.

Maganda niliyapata Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kwa mama mmoja anayemenya kamba pembeni ya wapara samaki. Siku ya kwanza aliniuliza kama nafuga kuku. Nilipomjibu kwamba napeleka maabara, alinijazia ndoo na kukataa hela. Kilo 5 za maganda mabichi zilinipa kitosani isiyofika gramu 200, kwa hiyo usidanganyike na ukubwa wa ndoo. Yaoshe na kuyakausha siku hiyohiyo. Mimi nililaza ndoo moja usiku kucha kwenye veranda ya hosteli na asubuhi nikaitwa na mlezi wa bweni. Asidi ya haidrokloriki ya kuondolea chokaa imiminwe taratibu, maana povu hupanda ghafla mithili ya maziwa yanayochemka, na kostiki soda ya asilimia 50 inayotumika hatua ya mwisho, kwenye joto la takribani nyuzi 100, hailingani hata kidogo na ile ya kutengenezea sabuni nyumbani. Nilikuwa nimeshaandaa sufuria ya kawaida, ya alumini, pale fundi sanifu wetu, mzee aliyekaa maabara hiyo tangu kabla sijazaliwa, aliponiuliza kwa upole, "Binti yangu, unapika maganda au unapika sufuria?" Alumini huyeyuka ndani ya kostiki na kutoa haidrojeni. Nilijua hilo tangu kidato cha sita, ila mkono ulikuwa umeenda wenyewe kwenye chombo ulichokizoea.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama kitosani imeiva: ichukue kidogo uitie ndani ya maji yenye asidi ya asetiki asilimia 1 au 2, ambayo ni dhaifu kuliko siki ya dukani. Ikiyeyuka na kuwa kama uji mwembamba wa kung'aa, umefaulu. Ikibaki vipande vipande, bado ni kitini, yaani dutu ya maganda ambayo haijageuka kitosani, irudishe jikoni.

Magnetaiti niliitengeneza kwa kuchanganya chumvi mbili za chuma, FeCl₃ na FeCl₂, kwa uwiano wa 2 kwa 1, ndani ya uji huo wa kitosani, kisha kutia amonia huku hewa ya naitrojeni ikipita. Hapa nilipoteza wiki tatu kwa sababu ya chupa moja. FeCl₂ safi ina rangi ya kijani mpauko. Yetu ilikuwa imekaa kabatini miaka mingi na kugeuka ya manjano yenye kutu, maana yake sehemu yake ilikuwa imeshageuka kuwa chuma cha aina ile nyingine, ya FeCl₃. Uwiano niliouandika kwenye daftari haukuwa uwiano uliokuwamo chupani, na nilichopata kilikuwa tope la kahawia lisiloijali sumaku. Ifungue chupa na utazame rangi kabla ya kupima uzito.

Tatizo lililofuata lilinichekesha baadaye, ila siku hiyo nililia. Tunachanganyia kwa kijiti cha sumaku kinachozungushwa na mashine iliyo chini ya chombo, na mimi nilikuwa nimetengeneza unga unaovutwa na sumaku. Baada ya nusu saa nilikitoa kijiti kimeota manyoya meusi kama nungunungu, na zaidi ya nusu ya kichocheo changu ilikuwa imeng'ang'ania hapo badala ya kuwa ndani ya kioevu. Majaribio yote ya mwezi ule hayakuwa na maana, kwa kuwa sikuweza kusema ni kiasi gani cha kichocheo kilikuwa kinafanya kazi. Yule mzee akafunga mota ndogo juu ya stendi, akaunganisha kijiti cha kioo, na tangu hapo nilichanganya kutoka juu. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimesoma makala nyingi za vichocheo vya aina hii, na sikumbuki kukutana na onyo hilo.

Baada ya hapo mambo yakanyooka kupita kiasi. Mavuno ya asilimia 88 duru ya kwanza, 87 ya pili, 86 ya tatu. Fuwele za monastroli zilishuka nyeupe zenye umanjano kidogo, na zikayeyuka kwenye joto nililolitarajia. Nilikuwa na desturi ya kupima thiourea mwisho, kwa hiyo kwa dakika chache aldehaidi, ethili asetoasetati na kichocheo vilikuwa peke yao ndani ya ethanoli, na dakika hizo kioevu kilikuwa na rangi ya zambarau hafifu, kama juisi ya rosela iliyozidishwa maji. Nikitia thiourea, rangi inapotea. Niliiandika kwenye daftari kwa maneno manne, "rangi nzuri, inapotea haraka", na kuendelea.

Msomaji aliyepitia kemia ya sekondari ameshanishangaa. Fenoli ikikutana na FeCl₃ hutoa zambarau. Ni kipimo tunachofundishwa kwa vitendo. Aldehaidi yangu ilikuwa na kikundi cha fenoli, na ethili asetoasetati nayo hutoa rangi na chuma cha aina hiyo. Kioevu kilikuwa kinaniambia waziwazi kwamba ndani yake mna ioni za chuma zilizo huru, na mimi nikakisifu kwa uzuri wa rangi yake.

Aliyeniamsha ni yule mzee, tena bila kukusudia kunikosoa. Alipita nikiwa navuta unga kwa sumaku, akatazama, akasema, "Huyu umemtoa. Lakini una hakika ndiye aliyelima?" Nilimjibu kwamba mavuno yanaonyesha. Akasema, "Mavuno yanaonyesha kwamba shamba limelimwa." Kisha akaenda zake kunywa chai, nami nikabaki na maneno hayo usiku kucha.

Kesho yake nilifanya nilichotakiwa kufanya mwezi wa kwanza. Niliendesha mmenyuko bila kichocheo chochote, kwa joto na muda uleule, nikapata asilimia 31. Yaani theluthi ya sifa niliyokuwa nikimpa kichocheo ilikuwa ya jiko tu. Halafu nilichemsha kichocheo ndani ya ethanoli tupu kwa nusu saa, nikakiondoa chote kwa sumaku kioevu kikiwa bado cha moto, na ndani ya kioevu hicho, kisicho na hata chembe nyeusi, nikatia viambato vyangu vitatu. Asilimia 83. Kuhusu kukiondoa kikiwa cha moto nasisitiza, kwa sababu kioevu kikipoa chuma kilichovuja huweza kurudi kwenye unga, nawe utaona usafi usiokuwapo. Mwisho nilichukua maji niliyoshea unga, nikayatia tone la asidi na tone la potasiamu thiosayanati. Yaligeuka mekundu kama damu ya kuku, ishara ya chuma kilicho huru. Kipimo hiki ni cha bei ya chini sana na kinafanyika ndani ya sekunde chache, ila kifanye kwenye maji ya kuoshea, si kwenye mchanganyiko wenye thiourea, kwa maana thiourea hukibadili chuma hicho na kukuficha jibu.

Maelezo yake yalikuwa mepesi mno. Mwezi ule umeme ulikuwa unakatika kila siku, mtambo wa kukenekea maji ulikuwa haufanyi kazi ipasavyo, na tuligawiwa lita chache kila mmoja. Kwa hiyo nilikuwa nimeosha unga mara mbili tu. Kitosani nayo ina sifa ya kuzishika ioni za metali kwa vikundi vyake vya amino, sifa inayoifanya itumike kusafishia maji machafu. Kwangu ilikuwa imeshika chuma kilichobaki cha utengenezaji na kukiachia kidogo kidogo kila duru, na FeCl₃ ni kichocheo kinachojulikana cha mmenyuko wa Biginelli. Duru zangu tano nzuri zilikuwa za mtungi unaovuja. Nilipoosha upya, maji kisha ethanoli ya moto, ilinichukua miosho saba hadi tone la thiosayanati likabaki bila rangi, na kichocheo hicho safi kilinipa asilimia 47.

Sitaficha kwamba nilifikiria kunyamaza. Michoro ya mionzi ya eksirei, iliyonigharimu pamoja na vipimo vingine zaidi ya shilingi 1,600,000 kutoka mfukoni mwangu, ilikuwa mizuri. Hakuna mtu ambaye angejua. Nilikaa siku nne bila kwenda maabara. Siku ya tano nilimwendea msimamizi wangu na daftari, nikamwonyesha namba tatu: 31, 83, 47. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama najua ni makala ngapi duniani zina namba ya kwanza na ya tatu zisizowahi kupimwa. Hakunipongeza wala kunigombeza. Aliniambia kitosani ni besi, na Biginelli hupenda asidi. Kwa nini nailazimisha kazi isiyo yake?

Hivyo nikahamia kwenye misombo iitwayo kromeni. Humo benzaldehaidi, malononitrili na dimedoni huungana kwa msaada wa besi, na kitosani ina uwezo huo kwa asili yake. Kundi la kromeni lina historia ya kweli katika utafiti wa saratani: krolibulini, iliyofika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu, ni mwana wa ukoo huo. Malononitrili ni sumu, inaweza kutoa sayanaidi; ipimie ndani ya kabati la kuvutia mivuke, na usiwe peke yako maabara.

Kosa la mwisho lenye thamani ya kusimuliwa ni la glutaraldehaidi, ambayo huzifunga nyuzi za kitosani pamoja ili zisiyeyuke kwenye mazingira ya asidi. Nilisoma kwamba huimarisha, nikatia nyingi. Unga ukawa mgumu, wenye rangi ya chai, mzuri kushika, na haukufanya kazi kabisa. Glutaraldehaidi hujifunga kwenye vikundi vya amino vilevile ninavyovihitaji, kwa hiyo nilikuwa nimeifunga mikono ya mfanyakazi wangu ili asianguke. Niligundua kwa ninhidrini: unga wenye amino huru hugeuka zambarau ukipashwa nayo moto, na wangu ulibaki na rangi yake. Nilishusha kipimo hadi robo, zambarau ikarudi, na kazi ikarudi nayo.

Katika kupima duru za kurudia, acha kusubiri hadi mwisho wa mmenyuko. Ukisubiri saa mbili, kichocheo kilichochoka nusu bado kitafika asilimia 90 kwa sababu umempa mzee muda wa kutosha kupanda mlima. Mimi nilisimamisha kila duru kwenye dakika 15. Namba zilikuwa za aibu zaidi, kutoka 72 hadi 58 kwa duru tano, nikaziandika hivyohivyo. Pia kromeni huganda mara mchanganyiko unapopoa na kuuzika unga mweusi ndani ya fuwele. Ongeza ethanoli ya moto kwanza, ziyeyuke zote, ndipo ulete sumaku.

Misombo tisa nilipeleka chuo kingine kupimwa kwenye seli za saratani ya matiti za MCF-7, na kwenye seli zisizo za saratani kwa kulinganisha. Kila mmoja nilikuwa nimeufuwelisha mara mbili na kuukagua chuma, kwa kuwa chuma kilichobaki au kiyeyushi kilichozidi kinaweza kuua seli, na utaandika kwamba umepata kitu. Mmoja kati ya tisa ulionyesha nguvu ya kutajwa, nao ulikuwa dhaifu kuliko dawa iliyotumika kama kipimo cha kulinganisha.

Na hapa nirudi Feri. Katikati ya mwaka yule mama aliniuliza, "Dada, hiyo dawa yako ya maganda inatoka lini?" Dada yake alikuwa akipigwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Nilikuwa na haraka, ndoo mkononi, daladala inaondoka, nikamjibu, "Mungu akipenda, karibuni." Nilipokwenda tena baada ya wiki tatu, alinionyesha kopo la maganda aliyoyakausha na kuyatwanga, anamtilia mgonjwa kwenye uji kila asubuhi. Niliketi kwenye kreti la samaki nikamweleza kila kitu taratibu: kwamba maganda hayatibu, kwamba mimi natengeneza chombo cha kutengenezea vitu, na vitu hivyo vimejaribiwa kwenye sahani tu, na kati ya sahani na mgonjwa kuna miaka mingi na vingi hufia njiani. Nikamwomba asimpe tena, na asiache kumpeleka kliniki. Alinisikiliza huku akimenya. Kisha akasema, "Basi ungesema hivyo tangu mwanzo, dada yangu."

Ndoo bado hunijazia. Mwezi uliopita nilimkuta kijana mmoja akimuuliza maganda yale yaliyotengwa pembeni ni ya nini, kama ni dawa, naye akamjibu bila kuinua macho, "Si dawa. Ni ya huyu dada, anatengenezea unga wa kushika sumaku."